Maji na Chumvi Kazini



Sisi tushindao juani kwenye njia ya reli huko Voi, jasho hututoka pamoja na chumvi. Mtu akinywa maji matupu mengi mno kwa mara moja, chumvi ya damuni hupungua: kichwa humwuma, hutapika, hata huzimia. Basi tunywe kikombe kila dakika 20, tusingoje kiu. Vidonge vya chumvi vya nini? Ugali na mboga iliyotiwa chumvi yatosha; na mwenye presha amwulize daktari.

Lakini pipa la maji li mbali na genge, na nyapara hutuhesabia dakika za kwenda kunywa. Twataka maji yaletwe tufanyapo kazi, na dakika hizo ziandikwe katika mapatano.