Mtoto Asiyetulia: Dawa au Malezi?



Mwaka huu wazazi kadhaa wametuuliza: mtoto ambaye daktari amesema ana ADHD, yaani hali ya kutotulia, kusahau na kutenda kabla ya kufikiri, apewe dawa, au arekebishiwe usingizi, michezo na malezi? Twalijibu hadharani, kwa kuwa wengine wamekwisha kulijibu kwa fimbo. Fimbo si tiba, na katika shule za Kenya ilipigwa marufuku mwaka 2001.

Dawa hizi si ngeni. Mwaka 1937 Dr. Charles Bradley, wa mji wa East Providence huko Marekani, aliandika kwamba watoto aliowapa Benzedrine walishika masomo vema. Ajabu ni kwamba dawa ya kuchangamsha ndiyo iliyowatuliza!

Mwaka 1999 Wamarekani walitoa habari za watoto 579, wa miaka 7 hadi 9, waliotibiwa kwa muda wa miezi 14. Waliopewa dawa chini ya uangalizi wa karibu walitulia kuliko waliofunzwa mwenendo tu. Waliopata yote mawili walitosheka na kipimo kidogo zaidi cha dawa. Lakini walipotazamwa tena baada ya miaka 3, makundi hayo hayakuwa na tofauti. Basi asemaye kwamba kidonge kimemaliza kazi hatumsadiki. Wala asemaye kwamba kuondoa sukari katika chai kutamponya mtoto, ingawa meno yake yatashukuru.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, madaktari hutaka kwanza wazazi wafundishwe namna ya kumlea: kumpa agizo moja moja, kumsifu papo hapo atendapo vema, kumlaza saa ile ile kila usiku. Aliye mkubwa, ambaye masomo yanampotea, asinyimwe dawa kwa sababu ya aibu ya jamaa. Ila dawa hizo hupunguza hamu ya chakula na huchelewesha usingizi. Uzito, kimo na mapigo ya moyo yapimwe mara kwa mara. Kuazimana vidonge baina ya jirani na jirani ni hatari.

Mzazi apendaye mwanawe akalishwe mbele darasani, mbali na dirisha, na amwone Katibu. Barua kwa mwalimu mkuu itaandikwa bila malipo.