Vijana wa Beirut waliogoma

Leo twende Beirut, mji wa pwani uliokuwa chini ya Dola ya Osmani. Tarehe 3 Desemba 1866, katika nyumba ya kupanga, Mmarekani Daniel Bliss alianza kuwafundisha wanafunzi 16. Chuo kiliitwa Chuo cha Kiprotestanti cha Shamu, nacho ndicho kinachojulikana leo kama Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut.

Kilikuwa chuo binafsi. Kibali chake kilitoka jimbo la New York mwaka 1863, fedha zilichangwa ng'ambo, na waanzilishi wake walikuwa wamisionari. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, madarasani waliketi pamoja Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Waislamu, Wadruzi, Wayahudi, Waarmenia na Wagiriki. Bliss mwenyewe alitaka kijana wa rangi yoyote na dini yoyote apokelewe. Lakini kupokelewa ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo jingine. Hili la pili wanafunzi walilidai wenyewe.

Miaka ya mwanzo masomo yalikuwa kwa Kiarabu. Daktari Cornelius Van Dyck, Mmarekani aliyekimudu Kiarabu kama mwenyeji, aliandika vitabu vya sayansi kwa lugha hiyo. Baadaye Kiingereza kikachukua nafasi yake, na kufikia miaka ya 1880 hata udaktari ulianza kufundishwa kwa Kiingereza. Sisi tunaobishana hadi leo kuhusu lugha ya kufundishia hatuhitaji kuelezwa uzito wa uamuzi huo.

Kisha ukafika mwaka 1882. Katika mahafali ya Julai, mwalimu wa kemia Edwin Lewis alitoa hotuba iliyomtaja kwa heshima Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Wakuu wa chuo walikasirika, na Lewis akalazimika kujiuzulu. Van Dyck naye akaacha kazi kumuunga mkono mwenzake. Ilipofika Desemba, wanafunzi wa udaktari, wa dini tofauti, waligoma kuingia darasani na kuwaandikia wakuu barua za madai. Baadhi yao walisimamishwa.

Mmoja wa wagomaji alikuwa Jurji Zaydan, mtoto wa mwenye mkahawa, aliyejisomesha kwa taabu hadi akapata nafasi ya udaktari. Udaktari ukamponyoka. Alikwenda Misri, na mwaka 1892 akaanzisha jarida la Al-Hilal mjini Cairo, likasomwa kote katika nchi za Waarabu. Walimu wawili vijana, Yaqub Sarruf na Faris Nimr, waliochapisha hotuba ya Lewis katika jarida lao la Al-Muqtataf, nao walihamia Cairo. Kwa maoni yangu, chuo kilijinyima watu wake bora kabisa kwa sababu ya hofu tu.

Mgomo wa pili ulikuja mwaka 1909. Mwaka mmoja kabla yake, mapinduzi ya Vijana wa Kituruki yalikuwa yamerudisha katiba ya Dola ya Osmani, na neno uhuru lilikuwa midomoni mwa watu. Wanafunzi Waislamu, wakiungwa mkono na Wayahudi, walikataa kulazimishwa kuhudhuria ibada ya kanisani na masomo ya Biblia. Wakuu walilegeza kidogo, kisha wakakaza tena. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, serikali ya Osmani ilishinikiza na ibada ikawa ya hiari.

Mwaka 1920 jina la chuo lilibadilishwa, na neno Kiprotestanti likaondolewa. Katika muongo huohuo wanawake nao waliingia madarasani. Alifika pia kijana kutoka Sudan, wa ukoo wa mashekhe, jina lake Ismail al-Azhari. Aliporudi kwao aliingia katika siasa, na Sudan ilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1956, yeye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu.