Mashine na Seli za Mlango wa Kizazi: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Silanga



Mada niliyopewa ni kueleza jinsi mashine inavyofundishwa kuzitambua seli za binadamu, nami nimeona afadhali niieleze kwa mintarafu ya maradhi mamoja yanayowahusu wanawake wa Silanga na wa Kibera nzima, nayo ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo humwandama mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi takribani mara 6 zaidi ya mwenziwe asiye navyo.

Saratani hii haizuki ghafula. Seli zilizoambukizwa virusi vya HPV hubadilika kwa miaka mingi, na mwenye kuzitazama kwa hadubini, baada ya kuzitia rangi, huona kiini cha seli kimetanuka kupita kiasi, kimekolea weusi, na ukingo wake umepindapinda. Ishara hizo zikijulikana mapema, tiba huwa nyepesi. Lakini kioo kimoja kinachopakwa sampuli hubeba maelfu ya seli, zenye ila huenda zikawa chache mno, na wataalamu wa kuzisoma ni haba, hata majibu aghalabu huchelewa na mgonjwa akaacha kuyafuatia.

Kwa ajili ya dhiki hiyo ulifanywa utafiti katika hospitali ya Kinondo Kwetu, huko Kwale, mwaka 2018 na 2019. Wanawake 740 wanaoishi na virusi vya Ukimwi walitoa sampuli, vioo vikapigwa picha kwa mashine ndogo ya kubebeka, na picha zikapelekwa kwa mtandao wa simu hadi kompyuta ya mbali. Vioo 350 vilitumiwa kuifundisha mashine: wataalamu walitia alama penye seli zilizobadilika, nayo ikazilinganisha tena na tena hata ikajua kuzipambanua, kisha ikatahiniwa kwa vioo 361 ambavyo haijapata kuviona. Hapana hata kioo kimoja ambacho wataalamu walikihukumu kuwa na mabadiliko makubwa, kisha mashine ikakiita salama, ijapokuwa baadhi ya vilivyo salama ilivitilia shaka bure.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mashine ipewe kazi ya kuchuja, na hukumu ibaki kwa mtaalamu, ambaye sasa atapata wasaa wa kuvikazia macho vile vioo vyenye shaka. Fauka ya hayo, kwa kuwa kila maabara ina namna yake ya kupaka na kutia rangi, haifai mashine iaminiwe hapa kabla ya kutahiniwa kwa sampuli za hapa.

Basi atakayekuja Silanga kuomba sampuli, naomba tumuulize mambo matatu: je, mwanamke ameelezwa kwa lugha anayoifahamu, akaridhia kwa hiari yake; majibu yatamfikia lini; na akionekana na ila, atatibiwa wapi, na kwa gharama ya nani? Asiye na jawabu la swali hilo la tatu, na angoje mpaka alipate.