Kivuko Kisicho na Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya barabara kuu inayopita mbele ya lango letu. Nitasema kwa kifupi, maana harufu ya pilau imekwisha kunifikia hata mimi.

Lami ni neema, na hakuna anayetaka kurudi kwenye vumbi. Lakini lami ilipokuja, njia ya miguu itokayo vijijini ng'ambo haikuhama. Wanafunzi wa kutwa wangali wanakatiza barabara pale pale, asubuhi na jioni.

Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa. Mtoto huhitaji kama sekunde 6 kuvuka lami ya mita 7. Katika sekunde hizo, basi liendalo kilomita 80 kwa saa hula mita 130. Likienda kilomita 50, ambayo ndiyo ruhusa ya sheria penye makazi, hula mita 80 tu. Shirika la Afya Duniani nalo linatuambia kwamba gari likimgonga mwenda kwa miguu kwa kilomita 65 badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka mara nne na nusu.

Sasa kivuko hiki ni cha nani? Barabara kuu ziko chini ya TANROADS tangu mwaka 2000. Barabara za wilaya, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Shule ni ya halmashauri. Na hapa kwetu barabara ndiyo mpaka: shule iko halmashauri moja, watoto wengi wanalala halmashauri nyingine. Kila mmoja ana bajeti yake, na kivuko kimeangukia katikati ya vitabu vinne. Cha wote si cha mtu.

Yako mambo ya kuiga. Katika Dar es Salaam shirika la Amend lilitengeneza mazingira ya shule zilizokuwa na ajali nyingi: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, alama, na hata kuhamisha lango lisifunguke barabarani. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Mtaona kwamba hakuna daraja la fahari katika orodha hiyo. Ni vitu vidogo vilivyowekwa mahali pake.

Lakini tusidanganyike na rangi nyeupe peke yake. Kivuko kilichochorwa mahali ambapo magari hayapunguzi mwendo humpa mtoto imani isiyo na msingi. Kwanza mwendo upunguzwe, kwa matuta au kivuko kilichoinuliwa. Kisha kuwe na kisiwa katikati, mtoto avuke upande mmoja kwanza, apumue, ndipo avuke wa pili.

Napendekeza hivi. Halmashauri zote mbili zitenge fedha kwa kivuko hiki, kila moja kwa kadiri ya watoto wake. TANROADS wachore na kusimamia, kwani hakuna ruhusa ya mtu kujijengea tuta katika barabara kuu. TARURA watengeneze njia pande zote mbili. Tena mkataba useme tangu mwanzo nani atapaka rangi upya ikifutika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na sisi je? Humu ndani wamo madiwani, wahandisi na wahasibu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Ombi lifikalo Juni limekuta sufuria imeoshwa. Basi naomba mkutano huu upitishe azimio leo: tuchague watu watano, wahesabu watoto wanaovuka hapa kwa wiki moja, waandike barua moja kwa wakuu wote wanne, kila mmoja aone majina ya wenzake. Asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja.