Mzee Aulizwe Angali na Kauli Yake



Hapa Mkokotoni mzee akizidiwa tunamkimbiza Kivunge. Hali ikizidi kuwa mbaya huweza kupelekwa Mnazi Mmoja mjini, safari ya zaidi ya kilometa 30. Daktari akiwa na neno zito, pengine humwita mtoto wa mgonjwa pembeni. Mwenye mwili amelala, hajui linalozungumzwa. Hapo haki huanza kupotea, yetu na ya jirani zetu Waislamu tunaolazwa nao wodi moja.

Neno lenyewe ni hili: moyo wa mgonjwa ukisimama, ajaribiwe kurudishwa? Mwaka 1960 wataalamu wa Baltimore, Marekani, walitangaza njia ya kukandamiza kifua kwa mikono ili damu izunguke. Imeokoa wengi, hasa waliosimama moyo ghafla. Lakini kwa mzee aliyedhoofishwa na maradhi ya muda mrefu mara nyingi haifanikiwi. Mbavu huweza kuvunjika, na moyo ukirudi huenda akategemea mashine ya kupumulia.

Daktari mwema haishii kuuliza, "Tufanye kila kitu?" Nani atajibu hapana, aonekane amemtupa mzazi wake? Huanza kwa mzee mwenyewe: anaelewa nini juu ya ugonjwa wake, anaogopa nini, na nani amsemee atakaposhindwa. Kisha hueleza bila mafumbo na kutoa ushauri wake.

Baba Mtakatifu Pius XII aliwafundisha madaktari, tarehe 24 Novemba 1957, kwamba daktari hutenda kwa idhini ya mgonjwa, na kwamba hatufungwi kutumia njia zenye mzigo mkubwa kupita kiasi. Kutokandamiza kifua katika hali hiyo si kuua, wala si kumtelekeza mtu: dawa ya maumivu, usafi na faraja huendelea.

Hata hivyo tukeshe. Uamuzi huo usizaliwe na ufukara, wala uchovu wa watoto, wala hesabu ya miaka peke yake. Mzee akitaka ajaribiwe, na tumaini lipo, asikilizwe.

Basi, mnapowatembelea wagonjwa, wasaidieni wazee wazungumze mapema na daktari pamoja na watoto wao. Kauli ikishakatika, tutabaki kubahatisha alilolitaka.