Steringi Asiyekufa: Marudio, Miendelezo na Mwisho wa Kisa katika Sinema ya Mashujaa

Lawama inayosikika mara nyingi dhidi ya sinema ya Marekani ya siku hizi ni kwamba imeishiwa visa. Ushahidi unaotolewa ni orodha ya filamu zinazoongoza kwa mapato kila mwaka, ambazo nyingi huwa ama ni mwendelezo, yaani filamu inayowachukua wahusika wa filamu iliyotangulia na kuwapeleka mbele katika matukio mapya, ama ni marudio, yaani filamu inayosimulia upya kisa kilekile kwa waigizaji wengine, ama ni filamu za mashujaa wenye nguvu zipitazo za kibinadamu, waliozaliwa katika vitabu vya katuni vya kampuni za Marvel na DC. Mhadhara huu unaikubali sehemu ya lawama hiyo na kuikataa sehemu nyingine. Kurudia hakujawahi kuwa kosa katika sanaa yoyote ya usimulizi. Kilichoharibika ni haki ya kisa kufika mwisho wake, haki ambayo katika miaka takriban 20 iliyopita imetoka mikononi mwa msimulizi na kuingia katika vifungu vya mikataba.

Historia haiungi mkono dhana kwamba marudio ni ugonjwa wa zama hizi. The Maltese Falcon ya John Huston, iliyotoka mwaka 1941 na ambayo huhesabiwa miongoni mwa nguzo za filamu za upelelezi, ilikuwa filamu ya tatu kutokana na riwaya moja ya Dashiell Hammett ndani ya miaka 10 tu, na zile mbili za awali, za mwaka 1931 na 1936, leo hukumbukwa na wataalamu zaidi kuliko watazamaji. Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyotwaa tuzo 11 za Oscar, ilirudia kisa kilichokwisha kupigwa filamu isiyo na sauti mwaka 1925. Alfred Hitchcock alijirudia mwenyewe, akaitengeneza The Man Who Knew Too Much akiwa Uingereza mwaka 1934 na tena akiwa Marekani mwaka 1956, na Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954 iligeuzwa mwaka 1960 kuwa The Magnificent Seven, ambamo mapanga ya Kijapani yalipisha bastola za Marekani bila kisa kupoteza uzito wake.

Mfano ulio bora zaidi, nao uko karibu na watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki waliolelewa na filamu za Kihindi, ni Don. Katika filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Chandra Barot mwaka 1978, Amitabh Bachchan anaigiza jambazi mkuu anayefia mikononi mwa polisi, na afisa mmoja anaificha habari ya kifo hicho ili ampenyeze ndani ya genge Vijay, mtu wa kawaida anayefanana na marehemu kama shilingi kwa ya pili. Mwaka 2006 Farhan Akhtar, mtoto wa Javed Akhtar ambaye pamoja na Salim Khan ndiye aliyeandika kisa cha awali, aliirudia filamu hiyo akimtumia Shah Rukh Khan, na kwa muda mrefu aliufuata mkondo uleule hatua kwa hatua, hata mtazamaji mwenye kuijua ya kwanza akajiona anakumbushwa tu. Kumbe uaminifu huo ndio uliokuwa mtego, kwa sababu dakika za mwisho zinafichua kwamba Vijay alikwisha kufa zamani na kwamba aliyekuwa akishangiliwa muda wote ni Don mwenyewe, aliyejifanya yule aliyejifanya yeye. Mshtuko huo humpata kwa ukamilifu yule tu aliyeiona filamu ya baba, ndiyo maana inafaa kusema kwamba marudio ya namna hii yanaitegemea kumbukumbu ya hadhira jinsi mwanamuziki anavyoutegemea mwitikio wa ukumbi.

Kinyume chake ni The Lion King ya mwaka 2019, iliyorudia filamu ya katuni ya mwaka 1994 ambayo Simba, Rafiki na Pumbaa waliazimwa majina yao kutoka Kiswahili. Marudio hayo yaliongeza nusu saa juu ya dakika 88 za awali, yakatumia kompyuta kuunda wanyama wanaofanana kabisa na wa mbugani, na yakaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, lakini simba wa kweli hana misuli ya uso ya kuonyesha huzuni, kwa hiyo mtoto anapomsukuma baba yake aliyekufa korongoni, sauti inalia na uso haubadiliki. Filamu hiyo haikuwa na jambo la kuongeza isipokuwa manyoya.

Kuhusu miendelezo hakuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa hoja ilikwisha amuliwa mwaka 1975, pale The Godfather Part II ya Francis Ford Coppola ilipokuwa filamu ya mwendelezo ya kwanza kutwaa Oscar ya filamu bora, kwa kulisimulia anguko la Michael Corleone sambamba na ujana wa baba yake. Inafaa tu kutahadharisha kwamba ile "sehemu ya pili" iliyozoeleka katika filamu za Bongo, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa katika diski ya peke yake, si mwendelezo kwa maana inayokusudiwa hapa, bali ni nusu ya filamu moja iliyokatwa ili mnunuzi alipe mara mbili, mbinu ambayo Hollywood iliitumia kwa majivuno makubwa zaidi pale kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilipogawanywa kuwa filamu mbili, mwaka 2010 na 2011.

Basi ikiwa marudio yanaweza kuwa na akili na miendelezo inaweza kuwa na ukuu, uchovu wa watazamaji wa leo unatoka wapi? Jibu linaonekana vizuri zaidi katika kisa cha filamu ambayo karibu hakuna aliyeiona ukumbini. Katika miaka ya 1980 mtayarishaji wa Kijerumani Bernd Eichinger alipata kutoka Marvel haki ya kuwatengenezea filamu Fantastic Four, familia ya mashujaa wanne waliobadilishwa miili na mionzi ya angani. Haki ya namna hiyo hutolewa kwa muda, na mwenye nayo asipoanza kupiga picha kabla ya tarehe iliyoandikwa, humrudia mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1992 ulipokaribia bila fedha za kutosha kupatikana, Eichinger alimwendea Roger Corman, bingwa wa filamu za gharama ndogo, na upigaji picha ukaanza siku za mwisho za Desemba kwa bajeti ya takriban dola milioni 1, fedha ambazo kwa kisa chenye mtu anayenyumbulika kama mpira na mwingine anayewaka moto hazikutosha hata kidogo. Filamu ilikamilika na waigizaji wakazunguka kuitangaza, lakini haikuwahi kutolewa rasmi, na leo inajulikana kwa nakala za magendo tu. Wahusika wamepingana hadharani kama kweli ilikusudiwa kuonyeshwa au ilikuwa hila ya kuiokoa haki. Kwa vyovyote haki iliokoka: filamu nyingine za familia hiyo zilifuata mwaka 2005, 2007 na 2015, na baada ya kampuni ya Disney, ambayo ilikwisha kuinunua Marvel mwaka 2009, kuinunua pia studio ya Fox mwaka 2019, familia ileile ikaanzishwa upya tena mwaka 2025.

Spider-Man ameishi maisha hayohayo kwa utajiri zaidi. Haki za filamu zake zilichukuliwa na Sony mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya Marvel kufilisika, na zinategemea Sony kuendelea kutengeneza filamu. Sam Raimi alitengeneza tatu kati ya mwaka 2002 na 2007 akiwa na Tobey Maguire. Ya nne ilipokwama, studio haikusubiri kizazi kipya cha watazamaji kikue, bali mwaka 2012, miaka mitano tu baadaye, ilianza upya na Andrew Garfield, na mjomba Ben akauawa mbele ya watu walewale waliokwisha kumlilia. Mwaka 2015 Sony na Marvel zilikubaliana kushirikiana, akaja Tom Holland, na safari hiyo, kwa busara, mjomba aliachwa azikwe nje ya filamu. Filamu ya Spider-Man: No Way Home ya mwaka 2021 iliwakutanisha vijana wote watatu kwa kutumia dhana ya malimwengu mengi, yaani kwamba kuna malimwengu yasiyohesabika yanayokwenda sambamba, kila moja na shujaa wake. Kumbi zilipasuka kwa shangwe, na shangwe hiyo ilikuwa halali, maana waigizaji watatu walitaniana kwa upendo usioweza kughushiwa. Hata hivyo ni vigumu kutoona kwamba kilichokaa pale juu ya jukwaa ni historia ya mikataba mitatu iliyovikwa barakoa.

Katika vibanda umiza, yaani vile vyumba vya mtaani vya Tanzania ambamo filamu huonyeshwa kwa kiingilio kidogo, na kwa wasimulizi waliotia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, kuna kanuni ya siku nyingi isemayo kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Kanuni hiyo haikuwahi kuharibu utamu, kwa sababu steringi alibaki hai lakini filamu ilikufa: adui aliangushwa, maandishi yakapanda, watu wakatoka nje wakibishana. Tangu Iron Man ya mwaka 2008, ambayo baada ya orodha ya majina iliweka kipande kidogo cha kutangaza yatakayofuata, Marvel chini ya mtayarishaji Kevin Feige imeipanua kanuni hiyo kutoka kwa mhusika hadi kwa kisa chenyewe. Ndiyo sababu mwaka 2018, katika Avengers: Infinity War, Black Panther na Spider-Man walipogeuka vumbi, wengi ukumbini walikwisha kujua kwamba watarudi, kwani filamu ijayo ya Spider-Man ilikuwa tayari katika ratiba. Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, alikufa kweli mwaka 2019 katika Avengers: Endgame, kifo kilichoandaliwa kwa miaka 11, lakini mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mwigizaji wake, Robert Downey Jr., anarejea kama mtu mwingine, Doctor Doom.

Hakuna palipofedheheka zaidi kuliko kaburi la Logan, yaani Wolverine. James Mangold alitengeneza mwaka 2017 filamu iliyokusudiwa kuwa ya mwisho ya Wolverine anayeigizwa na Hugh Jackman, ikimwonyesha amezeeka, vidonda haviponi tena kama zamani, akifa porini huku ameshikwa mkono na msichana aliyemwokoa, ambaye kabla ya kuondoka anaulaza msalaba wa kaburi ubavu uwe herufi X. Ni tendo dogo na linatosha. Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024 inafunguka kwa Deadpool kulifukua kaburi hilohilo, kuitoa mifupa ya chuma ya marehemu na kuitumia kuwachinja askari kwa mdundo wa muziki wa dansi. Watetezi wake husema kwamba filamu inajicheka yenyewe, na ni kweli inachekesha. Lakini mcheshi anayekiri kwamba anafukua makaburi kwa malipo bado anafukua makaburi, na mapato ya zaidi ya dola bilioni 1.3 yanaonyesha malipo hayo yalivyokuwa manono.

Fasihi ya Kiswahili ina shujaa wa kulinganishwa na mashujaa hawa. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ana mwili usiopenywa na silaha isipokuwa shaba kitovuni, siri ambayo mwanawe anaitoboa na kuitumia. Anakufa amepiga goti karibu na kisima, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Kisa hicho kimesimuliwa upya mara nyingi, kwa nudhumu na kwa nathari, kwa watoto na kwa wasomi, na kila msimulizi hubadilisha jambo, ila wote humfikisha kisimani. Jamii iliyomrudia Liyongo kwa karne nyingi haikupata haja ya kumfufua, kwa kuwa msimulizi hakupewa tarehe ya mwisho ya kuipoteza hadithi.

Mara moja tu mfululizo wa Marvel ulilazimishwa kuheshimu kifo. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther, alifariki Agosti 2020, na mwongozaji Ryan Coogler na studio waliamua kutomweka mwigizaji mwingine katika nafasi yake. Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka 2022 ina kasoro nyingi, ni ndefu kupita kiasi na vita vyake vya baharini vinachosha, lakini dakika zake za mwanzo, dada anapohangaika maabara kutafuta dawa na kuambiwa na mama yake kwamba kaka ameondoka, kisha mji mzima unatoka katika mavazi meupe kumzika, zina ukweli usiopatikana popote pengine katika mfululizo ule. Lupita Nyong'o, ambaye Nakia wake amekimbilia Haiti na hakuhudhuria mazishi, anabeba msiba huo kwa kunyamaza zaidi kuliko kwa kulia. Hadhira ilimwombea marehemu ikijua kwamba safari hii hakuna kipande cha baada ya majina kitakachomrudisha.

Sheria yenyewe imeweka kikomo ambacho studio haziwezi kukiahirisha kwa kutengeneza filamu nyingine. Superman, ambaye waundaji wake Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130, ataingia katika milki ya umma nchini Marekani tarehe 1 Januari 2034, na Batman atamfuata mwaka mmoja baadaye, ingawa nembo za biashara zitaendelea kulindwa na matoleo ya baadaye ya wahusika hao yatasubiri zamu yake. Dalili za awali hazitii moyo sana: kitabu cha A. A. Milne cha mwaka 1926 kuhusu dubu Winnie-the-Pooh kilipoachiwa huru mwaka 2022, tunda lake la kwanza kuvuma lilikuwa filamu ambamo dubu anaua watu, nayo ikapewa tuzo ya kebehi ya filamu mbaya kuliko zote. Pamoja na hayo, kwa mara ya kwanza tangu 1938 itawezekana mtu asiye na mkataba wowote kumchukua Superman wa kitabu kile cha kwanza, aliyekuwa hajui hata kuruka angani bali alirukaruka juu ya majengo, akamsimulia kisa kimoja, akamuua akitaka, na asidaiwe sehemu ya pili.