Baba na Mwana Katika Kazi Moja

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, imo katika Sahihi ya Imam Bukhari riwaya ndefu ya Ibn Abbas (R.A.) juu ya Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (A.S.). Mara mbili Ibrahim alikwenda Makka asimkute mwanawe. Mara nyengine akamkuta chini ya mti, karibu na Zamzam, akichonga mishale yake. Wakaamkiana kama wanavyoamkiana mzazi na mwana, kisha baba akamweleza amri aliyopewa na Mola wake, akamuuliza kama atamsaidia. Tuzingatie: alimuuliza! Basi Ismail akawa analeta mawe na Ibrahim anajenga. Jengo lilipopanda, mwana akamletea mzee wake jiwe la kusimamia.

Sisi wa Michenzani, katika majumba haya marefu ya miaka ya 1970, tunawauliza nini watoto wetu? Umeswali? Umesoma? Pesa zimekwenda wapi? Ni maswali ya haki, lakini mtoto asiyeulizwa jengine huzoea kujibu kwa neno moja, na mazungumzo yake huyapeleka maskani. Na maskani nyengine, tusifichane, muuza unga hayuko mbali.

Yupo mzazi mmoja, ameniruhusu nimtaje bila ya jina, aliyemwomba mwanawe wa miaka kumi na tatu wachonge pamoja ngalawa ndogo ya kuchezea. Kila Alhamisi baada ya Alasiri walikaa ngazini na kisu, kipande cha mwembe na kitambaa cha tanga. Walipoitia majini Kizingo ikalala upande. Mtoto ndiye aliyeona kuwa rengu moja limezidi uzito. Baba akampa kisu, akakaa kimya. Wakati wa kurudi, mtoto akasema kwamba kijana mmoja mkubwa humpa vifurushi avipeleke Darajani, naye hajui akatae vipi. Mzee yule hakupiga kelele. Asubuhi yake walikwenda wote wawili kwa kijana yule.

Atasema msemaji: huu si upuuzi? Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale. Hakuwakemea, bali aliwahimiza, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mlenga shabaha.

Wabillahi tawfiq.